Karatasi niliyoitafsiri ndani ya basi

Wiki hii mmetuuliza: "Mikutano ya kimataifa ya amani na uongozi, inayokutanisha watu wa mataifa na tamaduni mbalimbali, imekuletea nini wewe mwenyewe?" Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Bukavu, komini ya Kadutu, na tangu nikiwa mwanafunzi huitwa kutafsiri kwenye mikutano ya namna hiyo. Imeniletea mengi. Ila kila nikihesabu, ninachokuta mkononi kimetoka kwenye mikutano iliyotufuata nyumbani, ikasema nasi kwa lugha tunayonunulia sombe, majani ya mihogo, sokoni.

Oktoba 2010, Matembezi ya Wanawake Duniani, vuguvugu lililoanza Quebec na kuzunguka dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2000, yalifungia awamu yake ya tatu hapa Bukavu. Sekretarieti yao wakati ule ilikuwa Brazil; wangeweza kufungia huko, wasione tope wala askari. Wakaja. Tarehe 17 maelfu ya wanawake walitembea mjini, wa kwetu na wa mabara mengine, na mama yangu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alifunga meza yake akatembea nao. Mimi nilikuwa chuoni, nikapewa kazi ya kutafsiri kwenye warsha.

Mgeni wetu alitoka Colombia. Alisema Kihispania, dada mmoja akakigeuza Kifaransa, mimi nikakigeuza Kiswahili. Akazungumzia kuondoa silaha na majeshi katika maisha ya raia. Mimi, kwa haraka ya ujana, nikasema tu "kupunguza askari". Mama mmoja kutoka Walungu akainua mkono: "Dada, askari gani? Wa serikali ao wa pori?" Swali likapita vinywa viwili mpaka likamfikia mgeni. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba kwao wako wa serikali, wako wa msituni, na wako wengine wa tatu wanaolipwa na matajiri kulinda mashamba. Jibu lilipomaliza safari yake ya kurudi, mama wa Walungu alipiga makofi mara moja: "Basi tunajuana." Yaliyofuata hayakuwa kwenye ratiba. Waliulizana nani analinda visima, nani huenda shambani kwanza asubuhi, msichana aliyebakwa anapokelewaje anaporudi kwa baba yake. Nilitafsiri mpaka sauti ikakauka. Sijui njia nyingine ambayo mkulima wa Walungu angeweza kukutana na mwanamke yule.

Baadhi ya wajumbe walikwenda pia Mwenga, ambako mwaka 1999 wanawake walizikwa wakiwa hai. Mimi sikwenda. Niliwaona tu waliporudi jioni, na hakuna aliyegusa chakula.

Haikuwa mara ya kwanza wageni kutufuata. Mwaka 2001, eneo letu likiwa mikononi mwa waasi, takriban watu 300 kutoka Italia na nchi nyingine za Ulaya, waliokusudia kuja Bukavu, walifika Butembo kwa kongamano la amani ya Afrika. Wakubwa wangu bado wanalitaja.

Sasa niwaambie upande wa pili. Miaka kadhaa baada ya matembezi yale nilipelekwa kwenye mkutano katika hoteli ya mji mkuu wa nchi jirani. Tuliitwa wanawake saba kutoka Kivu. Wawili walikosa viza, tukafika watano. Kila kitu kilikuwa Kifaransa na Kiingereza. Siku ya pili asubuhi, kabla hatujapewa nafasi ya kusema, tuligawiwa azimio la mwisho likiwa limekwisha kuchapwa. Pamoja nasi alikuwa mama wa Kalehe, mkulima wa mihogo aliyezika wana wawili. Alipewa begi, kalamu, daftari na perdiemu, yaani posho ya siku, akatia kidole gumba kwenye orodha. Lile azimio linasema nini, hakuna aliyemwambia.

Usiku, ndani ya basi la kurudi, alinigusa bega. "Mwalimu, unisomee ile karatasi. Kule nyumbani wataniuliza." Nikawasha tochi ya simu. Kurasa nne. Nilitafsiri polepole, wenzetu wakaamka, hata abiria wasiotuhusu wakatega masikio. Palipoandikwa kwamba jamii "zitahusishwa", akanisimamisha: "Zitahusishwa na nani?" Haikuandikwa. Tulibishana juu ya sentensi ile mpaka mpakani.

Hasira ya usiku ule sijaiacha. Mtafsiri wa Kiswahili kwa siku tatu ni gharama ndogo kuliko ile mikoba na mabango ya ukutani.

Mtaniambia kwamba hata mikutano ya nyumbani imeshindwa. Ni kweli. Mkutano wa amani wa Goma ulianza tarehe 6 Januari 2008, wajumbe zaidi ya 1,200, chini ya Padre Apollinaire Malu Malu. Tarehe 23 makundi yenye silaha yakatia saini, na Agosti vita vikarudi. Mkutano haumnyang'anyi mtu bunduki. Hiyo ni kazi ya wenye madaraka, na wasitumie vikao vyetu kama pazia. Lakini vijana waliokusanyika Goma Februari 2014 kwa Festival Amani, tamasha la muziki, miezi michache tu baada ya vita, hawakudai kuwanyang'anya watu bunduki. Walicheza pamoja, Wakongo, Wanyarwanda na Warundi. Wanafunzi wangu wawili walipanda boti kwenda huko, na mmoja alirudi na namba ya kijana wa Gisenyi, upande wa Rwanda. Bado wanaandikiana, hata katika miezi ambayo wazazi wao wasingethubutu.

Kwa hiyo, waandaaji wakinisikia: azimio liandikwe pia kwa Kiswahili kabla watu hawajaondoka ukumbini, na kila mjumbe awezeshwe kufanya kikao cha kurudisha habari kwao, parokiani au sokoni, na maswali yatakayoulizwa pale yarudishwe kwa wale walioandika. Uongozi mnaotufundisha huko hotelini uonekane hapo.

Tangu waasi wa M23 walipouchukua mji wetu Februari 2025, mikutano juu yetu imefanyika mbali sana. Tarehe 27 Juni mwaka huo mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani Washington. Tarehe 19 Julai serikali na M23 wakatia saini tamko la kanuni kule Doha. Majirani walikuja uani kwangu na tamko hilo kwenye simu, kwa Kifaransa. Nikakalia bido, dumu la maji, nikaanza kutafsiri. Mama wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe yuko kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, alikuwa akichambua maharage bila kuinua macho. Nilipofika kwenye maneno ya wakimbizi kurudi makwao, mikono yake ikasimama. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha nikarudia mara ya tatu, bila kuombwa, polepole zaidi, ili ayashike kwa kichwa na kumwambia mwanawe akipiga simu.

Mwalimu, Kadutu, Bukavu