Historia ya klabu ya kikapu ya mtaani: anza na makaratasi

Kila klabu ya kikapu pembezoni mwa Kampala ina mzee anayejua mwaka ilipoanzishwa. Ikiwa na wazee watatu, ina miaka mitatu tofauti ya kuanzishwa. Nilipokabidhiwa kazi ya kuandika historia ya klabu yetu, timu ya vijana wanaoshinda kazini mchana, wakafanya mazoezi jioni na kulipwa nauli na kiposho siku ya mechi, nilipata msimamo mmoja: wazee wasikilizwe, ila baada ya makaratasi kupekuliwa.

Hazina kubwa ni karatasi za alama za mezani. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa, nakala ya waridi hupewa timu iliyoshinda, ya njano iliyoshindwa. Fungua boksi la katibu. Likiwa limejaa njano, umeshajua msimu ulikwendaje. (Letu, tusidanganyane, ni la njano.) Kisha soma alama zenyewe: mstari wa mshazari ni kikapu cha kawaida, nukta nzito ni mtupo huru, namba ya mchezaji iliyozungushiwa duara ni pointi tatu. Mjomba anayedai aliwafunga Power, klabu ya Kampala, pointi 40 peke yake, mhesabie hapohapo akiwa ameketi. Karatasi iliyogawanywa vipindi viwili badala ya robo nne ni ya zamani: FIBA ilihamia robo za dakika 10 mwaka 2000.

Picha zisizo na tarehe, tazama sakafu. Eneo lililo chini ya ringi lilikuwa na umbo la trapeza hadi 2010, ndipo likawa mstatili na mstari wa pointi tatu ukasogezwa kutoka mita 6.25 hadi 6.75. Lakini rangi ni pesa, na viwanja vya mitaa yetu hukaa na mistari ya kale miaka mingi. Kwa hiyo mstatili una uzito kama ushahidi. Trapeza haithibitishi kitu. Namba za jezi nazo husaidia kidogo: katika mashindano ya FIBA zilikuwa 4 hadi 15 tu mpaka 2014.

Majina yatakusumbua. Mdhamini akija, jina linabadilika. Power hao hao wamewahi kuitwa Sadolin Power, baadaye D'Mark Power. Orodhesha majina yote ya klabu yako kabla ya kugusa magazeti ya zamani.

Swali la lini wachezaji walianza kulipwa, usimuulize nahodha. Muulize mweka hazina, tena akiwa na daftari mkononi.

Na timu ya kina dada? Kwetu walicheza mapema mchana, kabla mpiga picha hajafika, basi wakaachwa nje ya kila simulizi. Wahoji peke yao, pasipo wanaume wa kuwakatiza. Lugha pia ina kazi yake: waasisi wetu kadhaa walikulia kambi za jeshi, kwenye Kiswahili, na "Shikamoo, Afande" ilifungua milango ambayo Kiingereza changu kilikuta imefungwa.

Tangu City Oilers wawe klabu ya kwanza ya Uganda kucheza BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, mwaka 2023, kila mtu mtaani anakumbuka kuwahi kuwafunga. Omba karatasi.

Rasimu ikiwa tayari, ichapishe kwa herufi kubwa, ipeleke uwanjani Jumamosi pamoja na kalamu kadhaa. Usiitume WhatsApp, huko utarudishiwa vidole gumba tu.