Ijiwashe, lakini kwa kikomo

Sheikh wangu, umeuliza kama programu ya seva ikianguka usiku ijiwashe yenyewe. Mie nasema ndiyo, ila iwekewe kikomo. systemd, yaani msimamizi wa programu kwenye mfumo wa Linux, ukiiruhusu iwashe tena iliyoanguka, kwa kawaida husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuiwasha. Ikishaiwasha mara 5 ndani ya sekunde 10, huacha. Ukiongeza kusubiri kuwe sekunde 30, panua na hizo sekunde 10 za kuhesabia, la sivyo kikomo hakifikiwi abadan! Hapa Wete, dukani kwetu, hifadhidata ilijiwasha ikianguka mpaka alfajiri, kumbe diski imejaa, na hakuna aliyejua. Ya hifadhidata hasa, nakuomba, iweke ikutumie ujumbe tangu inapoanguka mara ya kwanza.