Maswali Yenu: Wakfu wa rais mstaafu ukibisha hodi chuoni

SWALI: Mhariri, salamu. Nafundisha katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa. Wenzangu hutaja sana vyuo vya Marekani vilivyopewa maktaba za marais wastaafu. Ikitokea wakfu wa kiongozi mstaafu uombe kiwanja kwetu, sisi wahadhiri tuna sauti gani? — Mhadhiri, Tononoka

JIBU: Sauti mnayo, Mwalimu, ila nguvu yake iko kabla ya mkataba kutiwa saini. Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, mali ya chuo iko mikononi mwa Baraza la Chuo, na Seneti husimamia masomo na utafiti. Mkingoja jambo hili liletwe Seneti huenda lisifike, kwa sababu litaitwa suala la kiwanja tu. Wajumbe wenu waombe rasimu ya mkataba kwa barua, Seneti iunde kamati ndogo, na maoni yake yafike Barazani kwa maandishi.

Katika chuo cha Duke, Marekani, mwaka 1981, mazungumzo ya maktaba ya rais mstaafu Nixon yalianza wakati wa likizo, na wahadhiri wakayasikia yakiwa yameshika kasi. Baraza lao la kitaaluma, yaani chombo cha wahadhiri wenyewe, likapinga kwa kura 35 dhidi ya 34. Wadhamini waliendelea kuzungumza hata hivyo, lakini mpango haukufika popote. Maktaba ilijengwa Yorba Linda, California.

Someni rasimu mkijua kwamba neno “maktaba” hapo hubeba vitu vitatu: hifadhi ya nyaraka, makumbusho na taasisi ya sera, yaani kituo cha kutafiti na kujadili mambo ya utawala. Hifadhi ni neema kwa mtafiti yeyote, hata asiyempenda kiongozi huyo. Ugomvi huanzia kwenye taasisi. Wahadhiri wa chuo cha Stanford, California, walikataa kituo cha sera kisichokuwa chini ya utawala wa kawaida wa chuo; wakfu wa Rais Reagan ukajitoa mwaka 1987. Kule Dallas, chuo cha SMU (Southern Methodist University) kilikubali mwaka 2008 kuipokea taasisi ya George W. Bush inayowajibika kwa wakfu wake, si kwa chuo, ingawa wahadhiri wengi walilalamika. Ardhi ilikodishwa kwa miaka 99, na muda huo waweza kuongezwa hadi 249. Sisi wa Pwani twaujua uzito wa hati kama hiyo.

Kwa hiyo daini vipengele vinavyosema nani anamteua mkurugenzi, kama taasisi yaweza kutumia jina la chuo kwenye ripoti zake, na kwamba mtafiti wake hapewi cheo cha uhadhiri bila kupitia idara husika. Kipengele hiki cha mwisho msikiachie kabisa. Kikikosekana, mtajikuta na wenzenu ambao hakuna idara iliyowasaili.

SWALI: Nyaraka zenyewe huwa za nani, na nani hulipia utunzaji? — Mwanafunzi wa ukutubi, Likoni

JIBU: Marekani, sheria ya 1978 ilizifanya nyaraka za urais kuwa mali ya taifa, kuanzia utawala wa Reagan. Kenya, nyaraka za ofisi ya umma ziko chini ya Sura ya 19 ya sheria, ile ya hifadhi ya nyaraka za umma. Wakfu hauwezi kuzitoa zawadi kama vitabu vya nyumbani. Barua za binafsi ni jambo jingine, na masharti ya nani azisome lazima yaandikwe.

Gharama ndiyo hupuuzwa. Karatasi hutaka joto la nyuzi 18 hivi na unyevu wa hewa kati ya asilimia 35 na 50. Ukivuka 65, kuvu huanza kuota, na hewa ya Mombasa hupita hapo siku nyingi. Basi viyoyozi na mashine za kukausha hewa vifanye kazi usiku na mchana, jenereta iwepo, na stoo isiwe chini ya ardhi. Marekani, wakfu hutakiwa kuweka akiba ya matunzo kabla ya serikali kulipokea jengo: asilimia 20 ya gharama kwa sheria ya 1986, baadaye 60. Chuo chenu kidai akiba ya namna hiyo iwe benki kabla ya msingi kuchimbwa, la sivyo bili ya umeme itahamia kwenye karo zenu.