Maswali ya wasomaji: Nilipe fremu Mji Mkongwe?

SWALI: Asalam aleikum mhariri. Mie dada wa hapa Unguja, nakaa Jang'ombe, natengeneza sabuni za mwani na karafuu nyumbani, wanunuzi wangu majirani na mashoga zangu tu. Nina akiba kidogo na nimepata fremu ya duka karibu na mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, ila mwenyewe anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, inakula zaidi ya nusu ya hela yote. Kila mtu ananambia ingia tu, watalii wamejaa pale. Niingie?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Usiilipe hiyo kodi, si mwaka huu.

Pita Gizenga asubuhi moja uangalie kwa macho yako, picha za tingatinga, vinyago, khanga, viungo vya pakti, sabuni, kisha duka la pili hivohivo na la tatu hivohivo. Na wageni wengi hawaji wenyewe, wanaletwa na geidi au papasi, wale vijana wa kuvizia watalii mitaani, ambae ukishauza anarudi kuchukua komisheni yake, sa wewe unapandisha bei ili umlipe yeye, mtalii anaona ghali anaenda duka la jirani. Tena mji ule uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kwahiyo ukitaka kubadilisha mlango au kutundika bango kubwa lazima kwanza upate kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Halafu kuna masika. Hai sizoni yetu ni Julai mpaka Oktoba na tena Desemba mpaka Februari, Machi ikiingia mji unapoa mpaka Mei na hoteli nyingine za pwani zinafunga kabisa, ila kodi ya fremu wewe ushailipa. Mwaka 2020 ndege ziliposimama waliokua wanategemea mtalii peke yake waliumia sana, na mie naamini biashara yoyote ya mji kama huu ipimwe kwa mwezi wa Aprili, sio kwa Agosti.

Ningekua wewe ningeenda hotelini, ila kwa mlango wa nyuma, kwa yule anaenunua vitu vya vyumbani. Piga hesabu ya mfano: hoteli ndogo ya vyumba 20, nusu vina wageni, kila chumba kinatumia kipande kimoja kwa siku tatu, hapo ni kama vipande 100 kwa mwezi, na mnunuzi huyo wa hoteli haletwi na geidi. Kata vipande vidogo, funga kwa karatasi badala ya plastiki, peleka sampuli bure. Anza na gesti hausi za mjini na zile ndogo za Paje na Jambiani ambako mwenyewe yupo na analipa mkononi, manake hoteli kubwa zinaweza kukulipa baada ya mwezi au miwili na kwa mtaji wako hutavumilia. Kila mzigo uwe na karatasi ya kupokelea iliyosainiwa, hata kama mnunuzi ni ndugu yako.

Hilo duka la Gizenga unaweza kulipata bila kodi, mpe mwenye duka aliepo pale sabuni zako kwa mali kauli, akulipe akishauza, msimu ukichanganya, hasa Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara. Jirani zako wa Jang'ombe usiwaache, wao ndo watanunua Aprili, watengenezee kipande kikubwa cha bei ya mtaa.

Ila hapa kwenye karafuu nakuomba sana, usinunue za njia ya panya, karafuu zinauzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na nje ya hapo ni magendo. Kwa sabuni ni bora utumie mafuta ya karafuu, ZSTC hiyohiyo wana kiwanda kule Pemba kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Jina la biashara kasajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara, kodi ya serikali ni ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, fanya mapema kwa sababu hoteli itakuomba risiti.

SWALI: Mie mkulima wa Kizimbani, Unguja. Hoteli zinakataa tungule (nyanya) zangu eti leo zipo kesho hazipo, wanaagiza bara. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, wana haki, shefu hawezi kumwambia mgeni leo saladi hakuna. Peke yako hutaweza, tafuta wakulima wanne watano mpande kwa zamu, huyu wiki hii yule wiki mbili mbele, halafu mtu mmoja tu ndo aongee na hoteli. Na muulize shefu sasa hivi atataka kiasi gani Desemba, kwa sababu miche ya kuvuna mwezi huo inatakiwa iwe ardhini Septemba.