Maswali ya Wasomaji: Kiti cha kuokota

SWALI: Shikamooni. Nimeokota viti viwili vya mezani vilivyotupwa na nyumba moja ya wageni. Mbao ni nzima, ila vikalio vimebonyea na vitambaa vimechanika. Fundi kanitajia bei ya kitambaa nikaishiwa nguvu. Naweza kuvitengeneza mwenyewe? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba. Unaweza, ila hela yako usiianzie kwenye kitambaa. Kikalio hubonyea kwa sababu ya kilichoko chini, na ukiweka kitambaa kipya juu ya mikanda iliyolegea, ile inayobeba sponji, utarudia kazi ileile.

Kabla kiti hakijaingia ndani, kipindue juani. Vidoa vyeusi kwenye mishono na matundu ya skrubu ni dalili ya kunguni. Jua peke yake haliwatoi. Vua kila kitu, mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa, uache kiti kikauke kabisa. Kitambaa cha zamani kichemshe, usikitupe: ndicho kipimo chako. Ukigonga mguu ukadondosha unga laini mpya, dumuzi, mdudu anayetoboa mbao, yumo. Bisibisi ikizama kwenye mbao, achana na kiti hicho.

Mguu unaocheza uchomoe, ukwangue gundi kuukuu yote (gundi mpya haishiki juu ya ya zamani), paka gundi nyeupe ya mbao, kaza kwa kamba siku nzima.

Sasa mikanda. Nenda kwa mziba pancha uombe tyubu ya lori iliyokufa, ukate vipande vya upana wa sentimita 5. Kikalio cha sentimita 45 kwa 45 kinataka vitatu vya mbele-nyuma na vitatu vya kukatisha, visukwe kama mkeka, kimoja juu kimoja chini. Wengi huharibu kwenye kuvuta. Chora alama mbili kwenye mpira zikiachana sentimita 10, pigilia ncha moja, vuta mpaka alama ziachane sentimita 11 na nusu, ndipo upigilie ya pili. Ukivuta pungufu utakaa kwenye shimo. Ukizidisha, mpira utachanika penye misumari. Kunja ncha sentimita 2, piga misumari minne ya nusu inchi yenye vichwa bapa, isiwe kwenye mstari mmoja, mbao isije ikapasuka.

Juu ya mikanda tandika gunia la juti ili mpira usile sponji. Msimu wa korosho huko kwenu magunia hayakosekani. Lioshe kwanza, na lenye madoa meusi ya mafuta liache: mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi.

Kwenye sponji ndipo pa kutoa hela. Chukua gumu la unene wa sentimita 5. Libonyeze kwa dole gumba: likichelewa kurudi, usilinunue, hata kama ni zuri kwa macho. Likate kwa kisu cha mkate, lizidi fremu sentimita 1 kila upande, kingo zisije zikaonekana chini ya kitambaa.

Kitambaa cha kikalio kimoja ni sentimita 65 kwa 65, kwa maana 45 ya juu, 5 za ubavu na 5 za kukunjia kila upande. Chenye upana wa sentimita 140, sentimita 70 zinatosha viti vyote viwili. Kitenge hakifiki upana huo, hivyo nunua mita 1.3, na ukiwekee shuka zito chini yake, maana peke yake ni chepesi mno. Anza katikati ya kila upande: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Msumari uingie nusu tu kwanza, uweze kurekebisha. Pembe ziwe za mwisho. Anayeanzia pembeni hupata mikunjo isiyonyooka tena. Misumari iwe ya kutoshika kutu. Kwa upepo wetu wa bahari, ile ya kawaida hutoa madoa ya kahawia kwenye kitambaa cheupe mara masika ikipita.

SWALI: Kochi langu la ngozi bandia linabanduka magamba. Nipake gundi? – Msomaji, Lindi

JIBU: Hapana. Joto, jasho na mafuta ya nywele yameshaitenganisha plastiki na kitambaa chake, gundi itashika gamba moja na jingine litoke. Usivalishe kitambaa kipya juu yake pia, magamba yatasagika chini na kuonekana kama mchanga. Ibandue yote, kisha uvalishe jinzi au turubai la pamba, na uliondoe kochi kwenye dirisha linaloingiza jua la mchana.