Nani aandikwe kwenye bango la madijei?

SWALI: Shikamoo mzee. Tunaandaa mpambano wa madijei wa hip hop hapa Tanga na mimi ndiye ninayetengeneza bango. Juu kabisa nimeandika: "Kwa heshima ya Grandmaster Flash, aliyegundua skrachi na kuanzisha mapambano ya madijei." Mwenzangu anasema nimewadhulumu watu. Nani hasa anastahili kutajwa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako amesema kweli, na afadhali mmebishana kabla bango halijaenda kuchapwa.

Flash, yaani Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados aliyekulia Bronx, New York, ana sifa zake tele, hana haja ya kuvishwa za wengine. Aliweka vidole juu ya santuri wakati wenzake wakiona huko ni kuiharibu. Aliichora alama kwa kalamu ya nta, akahesabu imezunguka mara ngapi tangu kile kipande cha ngoma tupu kianze, kisha akairudisha nyuma mizunguko hiyohiyo huku nakala ya pili ya wimbo uleule ikilia kwenye mashine ya pembeni. Kipande cha sekunde chache kikachezeka dakika nzima bila mdundo kukatika. Mwaka 1981 akatoa rekodi iliyopigwa kwa santuri za watu wengine na mikono yake mwenyewe. Nadhani hapo ndipo watu walipoanza kumbebesha kila kitu, maana mwenye rekodi ndiye anayesikika mbali.

Skrachi, yaani ule mkwaruzo wa santuri inayosogezwa mbele na nyuma kwa mkono, ni ya Theodore Livingston, Grand Wizzard Theodore. Kaka yake, Mean Gene, alikuwa akishirikiana na Flash, na kijana alijifunza akiwa karibu nao. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa chumbani akipiga muziki kwa sauti kubwa, mama yake akaja kumkemea. Theodore akaizuia santuri kwa mkono ili amsikilize, na huku akisemwa mkono ukawa unaisogeza mbele na nyuma. Ule mkwaruzo ukamkaa masikioni. Akaufanyia mazoezi mpaka akaweza kuupiga mbele za watu.

Kuhusu mapambano, usimwandike mtu mmoja. Clive Campbell, Kool Herc, alitoka Kingston, Jamaika, ambako wenye spika kubwa walikuwa wakishindana tangu zamani. Tarehe 11 Agosti 1973 alipiga muziki kwenye sherehe iliyofanyika 1520 Sedgwick Avenue, Bronx. Aliyeiandaa na kutoza kiingilio ni dada yake, Cindy Campbell, na kwa maoni yangu bango lolote linalomtaja Herc bila Cindy lina pengo. Siku hizo ushindi ulikuwa wa mwenye spika nzito na mwenye santuri ambayo mpinzani hana. Ndiyo maana Herc, kwa ushauri wa baba yake, alizilowesha santuri majini na kubandua lebo ili wanaochungulia wasisome jina la wimbo.

Sasa nikupeleke Philadelphia, maana huko kuna jambo ninalotamani kila dijei kijana alijue. Unaijua ile skrachi ya sauti ya kukatakata kama roboti anaongea? Mkono mmoja unaivuta santuri polepole, mwingine unafungua na kufunga sauti haraka haraka kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Wengi watakwambia ni ya Jazzy Jeff, kwa sababu alishinda mashindano ya New Music Seminar mwaka 1986 na akaiingiza kwenye rekodi. Wengine watasema ni ya Cash Money, bingwa wa dunia wa DMC, mashindano ya madijei, mwaka 1988, aliyeinoa ikang'aa. Lakini ilianzia mikononi mwa dijei mwingine wa mji huohuo, Spinbad, na Jeff na Cash Money wenyewe wamemtaja. (Usimchanganye na Spinbad wa New York aliyefariki mwaka 2020, huyo ni mwingine.) Kuna aliyebuni, aliyeboresha na aliyeisambaza. Ukiandika "mwanzilishi" juu ya jina moja, wawili umewafuta.

Steve Dee wa Harlem, New York, naye asikosekane. Yeye ndiye aliyezichukua ngoma za santuri mbili na kuzipanga upya, pigo kwa pigo, hadi ukazaliwa mdundo ambao haumo kwenye santuri yoyote kati ya hizo. Madijei wenu wakifika fainali watafanya hivyo dakika nzima, na sitashangaa kama hakuna atakayemtaja. Kundi la madijei alilolianzisha, X-Men, ndilo lililomlea Roc Raida, bingwa wa DMC mwaka 1995.

Basi futa sentensi yako, uandike hivi: "Kwa heshima ya Cindy Campbell, aliyeandaa sherehe ya Sedgwick Avenue, Kool Herc, aliyepiga muziki siku hiyo, Grandmaster Flash, aliyeunganisha ngoma bila kukata mdundo, Grand Wizzard Theodore, mwenye skrachi, Spinbad, Jazzy Jeff na Cash Money wa Philadelphia, na Steve Dee wa Harlem." Kama nafasi haitoshi, punguza picha ya spika. Na umpe mshereheshaji karatasi yenye maneno hayohayo ayasome kabla ya raundi ya kwanza, kwa sababu wengi watakaokuja hawatasimama kusoma bango.