Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu Amekuwa Mtu wa Kugawa

SWALI: Nina binti wa miaka saba. Siku ya Idi iliyopita alipita kwa jamaa kama wenzake, akakusanya shilingi 4,500 za sikukuu. Nilidhani atakwenda kupanda bembea na kununua aiskrimu, lakini alirudi nyumbani na kikuba cha asumini na mrehani alichonunua kwa shilingi 1,000, akampelekea bibi yake. Bibi alikichomeka kifuani kwa pini, na mtoto akaketi mbele yake kwenye mkeka akimtazama mpaka jioni. Tangu siku hiyo hatulii. Amegawa penseli zake, vibanio vyake vya nywele, na juzi amempa mtoto wa jirani khanga ya dada yake. Baba yake anataka ampe shilingi 500 kila atoapo zawadi, ili asiiache tabia hiyo njema; shangazi yake anasema tumkanye mapema, kwa kuwa watu watamchezea. Tumsikilize nani?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Kwa heshima yote niliyonayo kwa baba na shangazi, ningewaomba wote wawili wasubiri kwanza, kwa sababu binti yenu amelipata jambo ambalo watu wazima wengi hulitafuta kwa muda mrefu, na amelipata peke yake, bila ya kuhubiriwa na mtu.

Furaha uliyoiona usoni mwake pale mkekani ni ya kweli. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver nchini Kanada, walichapisha uchunguzi wa watoto ambao hata miaka miwili walikuwa hawajaitimiza. Kila mtoto alipewa biskuti zake katika bakuli, kisha akapewa nafasi ya kumlisha mwanasesere. Waliopitia picha za nyuso zao waliona kuwa watoto walifurahi zaidi walipotoa kuliko walipopokea, na furaha ilizidi pale biskuti ilipotoka katika bakuli la mtoto mwenyewe, kuliko ilipokuwa ya ziada ambayo mtafiti amempa aitoe.

Hapo ndipo ninapopatia jibu la khanga. Penseli na vibanio vilikuwa vyake, kwa hiyo msimsumbue. Khanga haikuwa yake. Fuatana naye kwa jirani, kwa upole na bila ya kumwaibisha mbele ya wenzake, aeleze mwenyewe kuwa alikosea, na aende na kitu chake cha kuacha badala ya khanga hiyo. Atajifunza kwamba mtu hutoa kilicho chake.

Ama shilingi 500 za baba, mimi nisingezitoa. Mwaka 2008 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, waliwapa watoto wa miezi ishirini kijizawadi kila walipomsaidia mtu mzima aliyeangusha kitu, na baadaye watoto hao walisaidia kwa uchache kuliko wale ambao hawakupewa chochote. Binti yenu hakwenda kwa bibi kufuata malipo, na baba akianza kumlipa, atajikuta anahesabu. Baba anaweza kumuuliza tu, "Bibi alisemaje ulipompa?" na kumsikiliza mpaka amalize.

Hofu ya shangazi siipuuzi. Wako watoto wanaogawa vitu kwa sababu wenzao wamewatishia kutocheza nao, na huo si ukarimu. Muulizeni taratibu, "Alikuomba, au ulitaka mwenyewe?" Mkisikia kwamba kuna mwenzake anayedai penseli kila siku, hilo lipelekeni kwa mwalimu.

Yaliyobaki ni kumpa kazi. Katika mwezi wa Ramadhani, sahani ya futari inapokwenda kwa jirani, yeye ndiye aibebe, kawa juu yake, mihogo ya nazi bado ina moto. Na sahani itakaporudi na kaimati za jirani, aipokee yeye. Mnapopima fitri, ile pishi moja ya chakula, kadiri ya kilo mbili na nusu, inayotolewa kwa kila mtu wa nyumba kabla ya sala ya Idi, mwonyesheni fungu lililotolewa kwa ajili yake, akalifikishe kwa mikono yake akiwa nanyi. Ila tafadhali msimpige picha akikabidhi, kwa kuwa anayepokea naye ana heshima yake.

Tena kuna bibi. Akina bibi wengi hawakitupi kikuba kikishanyauka, hukitia chini ya mto au katika mtoto wa meza kwa ajili ya harufu yake. Kama chenu bado kipo, mwombeni siku moja akitoe, amwonyeshe mjukuu wake.